Mfumuko wa bei unapungua kweli? Jinsi ya kujikokotolea mwenyewe, hatua kwa hatua

Kila takwimu mpya za mfumuko wa bei zinapotoka, maswali ni yale yale. "Wanasema umeshuka, mbona bei hazijashuka?" "Hiyo asilimia wanaitoa wapi?" "Mwezi jana ilishuka, mwezi huu imepanda tena, ndiyo tumerudi tulikotoka?" Ni maswali ya haki kabisa, na majibu yake hayahitaji shahada ya uchumi. Yanahitaji safu moja ya namba, kikokotoo na saa moja ya utulivu.

Mwongozo huu ni wa anayeanza. Mifano mingi nimeitoa Marekani, kwa sababu namba zake ziko wazi kwa yeyote na kipindi cha 2021 hadi 2023 kina karibu kila mtego unaoweza kukunasa. Hesabu zenyewe ni zile zile kwa nchi yoyote.

Jambo moja kwanza, maana ndilo linalozaa ugomvi mwingi. Mfumuko wa bei ni kasi ya bei kupanda, si kiwango cha bei zenyewe. Ukishuka kutoka asilimia 9 hadi 3, bei zinaendelea kupanda, ila polepole kuliko mwanzo. Ili bei kwa ujumla zishuke, mfumuko lazima uende chini ya sifuri. Fahirisi ya bei za mlaji, yaani namba moja inayopima bei za kapu zima la bidhaa na huduma, ilikuwa 271.696 Marekani Juni 2021 na 305.109 Juni 2023. Juni 2023 mfumuko ulitangazwa kuwa asilimia 3.0 tu, lakini bei zilikuwa juu kwa asilimia 12.3 kuliko miaka miwili nyuma. Anayesema mfumuko umepungua na anayesema maisha yamepanda wote wawili wako sahihi. Wanajibu maswali mawili tofauti.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Fahirisi ya bei za mlaji ya nchi unayoichunguza, ya kila mwezi, kwa miezi 25 au zaidi. Chukua fahirisi yenyewe, usichukue asilimia zilizokwisha kukokotolewa. Huchapishwa na ofisi ya takwimu: NBS Tanzania, KNBS Kenya, UBOS Uganda, BLS Marekani, ONS Uingereza, Eurostat kwa nchi za Ulaya.
- Fahirisi za makundi: chakula, nishati, makazi, usafiri na mengineyo. Kwa kawaida zimo kwenye jedwali la mwisho wa taarifa ile ile.
- Jedwali la mizania, yaani uzito wa kila kundi ndani ya kapu.
- Fahirisi isiyojumuisha chakula na nishati, kama nchi hiyo inaitoa.
- Kikokotoo, au programu yoyote ya majedwali kwenye kompyuta au simu.

Kama umepata asilimia peke yake bila fahirisi, simama hapo uitafute kwanza. Ukiwa na asilimia za mwaka tu, hatua ya 4 na ya 5 hazifanyiki, na ndizo zenye jibu.

Hatua ya 1: Jua kapu limebeba nini

Ofisi ya takwimu hufanya utafiti wa matumizi ya kaya: watu wanatumia fedha zao kwa nini, na kwa kiasi gani. Kutokana na utafiti huo hutengenezwa kapu la bidhaa na huduma, na kila kitu hupewa mizania kulingana na sehemu yake katika matumizi. Kisha kila mwezi wakusanyaji wa bei hurudi kuuliza bei ya kitu kile kile, mahali pale pale, kadiri inavyowezekana. Mabadiliko ya bei huzidishwa kwa mizania, yakajumlishwa, ikapatikana namba moja. Mwezi au mwaka wa kizio hupewa 100, na miezi mingine yote hupimwa dhidi yake. Kizio cha fahirisi ya Marekani ni wastani wa 1982 hadi 1984, ndiyo maana leo inasoma zaidi ya 300.

Huhitaji kujua zaidi ya hapo, isipokuwa mambo matatu yanayoulizwa kila wakati.

Pakiti ikipungua uzito huku bei ikibaki ile ile, hilo huhesabiwa kuwa bei imepanda. Kinachopimwa ni bei kwa kipimo, kwa hiyo ujanja huo hauwapiti watakwimu.

Bidhaa ikiboreshwa na bei ikapanda, sehemu ya ongezeko inayotokana na ubora huondolewa. Hapa ndipo wataalamu wamebishana kwa miaka mingi. Mwaka 1996 tume iliyoongozwa na Michael Boskin ilikadiria kwamba fahirisi ya Marekani ilikuwa inazidisha mfumuko kwa pointi 1.1 za asilimia kwa mwaka, na ubora wa bidhaa ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Bei ya kununua nyumba kwa kawaida haimo moja kwa moja, kwa kuwa nyumba huhesabiwa kama uwekezaji. Marekani humkadiria mwenye nyumba kodi ambayo angelipa kama angekuwa mpangaji kwenye nyumba yake mwenyewe. Fahirisi iliyooanishwa ya Ulaya, inayofuata kanuni moja kwa nchi zote, haina kipengele hicho kabisa. Uingereza inazo zote mbili: moja bila gharama za wenye nyumba, nyingine ikiwa nazo.

*Angalizo:* Kwa sababu hiyo, usiweke mfumuko wa nchi mbili ubavu kwa ubavu ukatoa mshindi kabla hujaona namna kila moja inavyoyahesabu makazi. Tofauti ya pointi moja inaweza kuwa imetokana na njia ya kupima tu.

Hatua ya 2: Chagua safu sahihi

Nchi nyingi huchapisha fahirisi moja tu, ile isiyorekebishwa. Baadhi, Marekani ikiwemo, hutoa mbili: isiyorekebishwa na iliyorekebishwa kwa msimu. Kuna vitu ambavyo bei zake hupanda kila mwaka majira fulani na kushuka majira mengine. Kurekebisha kwa msimu ni kuondoa mzunguko huo unaojulikana, ili kilichobaki kiwe ndiyo habari.

Kanuni ni nyepesi. Ukilinganisha mwezi na mwezi huo huo wa mwaka uliopita, tumia isiyorekebishwa. Ukilinganisha miezi inayofuatana, tumia iliyorekebishwa kama ipo.

*Angalizo:* Usichanganye safu mbili ndani ya hesabu moja. Utapata jibu linaloonekana la kawaida kabisa, na litakuwa kosa.

Hatua ya 3: Kokotoa mfumuko wa mwaka mwenyewe

Gawa fahirisi ya mwezi huu kwa fahirisi ya mwezi kama huu mwaka jana, toa 1, zidisha kwa 100.

Juni 2022, Marekani: 296.311 ÷ 271.696 = 1.0906. Mfumuko ni asilimia 9.1. Ndicho kilele cha kipindi kile.
Juni 2023: 305.109 ÷ 296.311 = 1.0297. Asilimia 3.0.

Kutoka 9.1 hadi 3.0 ni kushuka kwa pointi 6.1, si kwa asilimia 6.1. Ukiandika ripoti ukakosea hapo, msomaji makini hatakuamini mbele ya safari.

Watu wengi huishia hapa, na vyombo vingi vya habari pia. Ni namba halali. Tatizo lake ni kwamba imebeba miezi 12 kwa pamoja, na miezi ya mwanzo wa mfuko huo ni habari ya kale. Bei zikituliza mbio ghafla leo, namba ya mwaka itachukua miezi mingi kukiri.

Hatua ya 4: Tazama mwezi uliotoka, si ulioingia peke yake

Kila mwezi namba ya mwaka hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huingiza mwezi mpya na kuutoa mwezi wa mwaka jana. Inaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya kilichotoka, hata kama kilichoingia ni cha kawaida kabisa.

Angalia mfano huu kwa karibu, maana ukiuelewa umeelewa nusu ya kazi.

Juni 2022: 296.311
Julai 2022: 296.276
Juni 2023: 305.109
Julai 2023: 305.691

Julai 2022 bei hazikusogea, zilishuka kwa kiasi kisichoonekana. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2023, zilipanda asilimia 0.2. Hiyo ni kasi ndogo; ukiirudia miezi 12 hufikii hata asilimia 2.5. Lakini kwa kuwa ule mwezi mtulivu wa 2022 ndio uliokuwa unatoka nje ya hesabu, mfumuko wa mwaka ulipanda: 305.691 ÷ 296.276 = 1.0318, yaani asilimia 3.2 kutoka 3.0. Aliyesoma kichwa cha habari alielewa kwamba mfumuko umeamka tena. Kumbe kasi ya mwezi ilikuwa ile ile ya utulivu.

Kinyume chake pia hutokea, na ndicho cha hatari zaidi: mwezi mbaya sana wa mwaka jana ukitoka, namba ya mwaka inashuka na watu wanashangilia, ilhali mwezi mpya nao si mzuri.

Kwa hiyo kabla taarifa mpya haijatoka, fungua safu yako uangalie mwezi kama huo mwaka jana ulipanda kwa kiasi gani. Ulipanda sana? Jiandae kuona namba ikishuka. Haukupanda? Jiandae kuiona ikipanda. Utakuwa umejua nusu ya habari kabla ya kutangazwa.

Hatua ya 5: Kokotoa kasi ya miezi mitatu na ya miezi sita

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa kila anayebishana kuhusu mfumuko aijue. Badala ya kulinganisha na mwaka jana, linganisha na miezi mitatu au sita iliyopita, kisha uikuze kasi hiyo uone ingekuwaje kama ingeendelea mwaka mzima.

Kwa miezi mitatu: gawa fahirisi ya mwezi huu kwa ile ya miezi mitatu nyuma, inua jibu kwa kipeo cha 4, toa 1.
Kwa miezi sita: gawa kwa ile ya miezi sita nyuma, inua kwa kipeo cha 2, toa 1.

Machi 2022 fahirisi ya Marekani isiyorekebishwa ilikuwa 287.504. Juni ikawa 296.311. Uwiano ni 1.0306, na kwa kipeo cha 4 unakuwa 1.128. Kasi ya miezi mitatu: asilimia 12.8 kwa mwaka. Wakati namba ya mwaka inasema 9.1, moto halisi ulikuwa mkali kuliko hapo.

Sasa nenda Septemba 2022: 296.808. Gawa kwa 296.311 ya Juni, unapata 1.0017, kwa kipeo cha 4 ni 1.0067. Kasi ni asilimia 0.7. Namba ya mwaka iliyotangazwa mwezi huo ilikuwa asilimia 8.2.

Soma tena hizo namba mbili: 8.2 na 0.7, nchi moja, mwezi mmoja, fahirisi moja. Hakuna aliyedanganya. Ya kwanza inasimulia mwaka mzima, ya pili inasimulia robo ya mwisho.

Mgawanyo wa mwaka mzima wa 2022 unaonyesha vivyo hivyo. Desemba 2021 fahirisi ilikuwa 278.802, Juni 2022 ikawa 296.311, Desemba 2022 ikawa 296.797. Nusu ya kwanza ya mwaka bei zilipanda asilimia 6.3. Nusu ya pili, asilimia 0.2. Namba ya mwaka ilitoka 6.5, na karibu yote ilikuwa mzigo wa nusu ya kwanza.

*Angalizo, na ni kubwa:* Hesabu za hapa nimezifanya kwa safu isiyorekebishwa ili uweze kuzirudia kwa namba zile zile, kwa kuwa BLS haizibadilishi baada ya kuzichapisha. Lakini Marekani miezi ya mwisho wa mwaka huwa mitulivu kimsimu na ya mwanzo huwa na kishindo. Januari 2023 fahirisi iliruka hadi 299.170, ongezeko la asilimia 0.8 kwa mwezi mmoja. Kwa safu iliyorekebishwa ilikuwa 0.5. Aliyetangaza Desemba kwamba mfumuko umekwisha aliumbuka mwezi mmoja baadaye. Kama nchi yako haitoi safu iliyorekebishwa, fanya hivi: kokotoa kasi ya miezi mitatu ile ile ya miaka mitatu au minne iliyopita, kisha ulinganishe. Ukiona kila mwaka majira haya kasi hushuka, punguza shangwe.

Hatua ya 6: Vunja kapu ujue nani anaburuta

Zidisha mizania ya kila kundi kwa badiliko lake la bei, gawa kwa 100. Jibu ni mchango wa kundi hilo kwenye mfumuko wote.

Chukua kapu la kubuni lenye makundi matatu. La kwanza lina mizania 50 na bei zake zimepanda asilimia 2: mchango 1.0. La pili, mizania 30, limepanda 4: mchango 1.2. La tatu, mizania 20, limepanda 15: mchango 3.0. Jumla, mfumuko ni 5.2.

Kipindi kinachofuata makundi mawili ya kwanza yanabaki vile vile, ila la tatu linashuka asilimia 5. Mchango wake unakuwa hasi 1.0, na mfumuko wote unaanguka hadi 1.2. Kichwa cha habari kitasema mfumuko umeporomoka. Ukweli ni kwamba asilimia 80 ya kapu haijabadilika hata kidogo.

Hili lilitokea hasa. Ule utulivu wa Julai hadi Septemba 2022 ulitokana sana na petroli: fahirisi yake ilishuka asilimia 7.7 Julai na asilimia 10.6 Agosti. Ukiondoa chakula na nishati, mfumuko wa mwaka ulikuwa unaendelea kupanda, na Septemba ulifika 6.6, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1982. Kwa hiyo kasi ya 0.7 tuliyoikokotoa ilikuwa kweli, na bado haikutosha kusema tatizo limekwisha.

Mwaka mmoja kabla, mambo yalikuwa kinyume. Juni 2021 bei za magari yaliyotumika zilikuwa zimepanda asilimia 45.2 kwa mwaka, na kundi hilo dogo peke yake lilibeba zaidi ya theluthi moja ya ongezeko la mwezi ule. Wengi, wakiwemo wakuu wa Benki Kuu ya Marekani, waliona ni suala la vitu vichache litakalopita. Hesabu ya michango ilikuwa sahihi. Kilichokuja kubadilika ni kwamba makundi mengine nayo yalianza kupanda, moja baada ya jingine. Ndiyo sababu hatua hii lazima irudiwe kila mwezi.

Hatua ya 7: Ondoa vinavyorukaruka

Chakula na nishati hubadilika kwa hali ya hewa, vita na soko la dunia, kwa hiyo hupanda na kushuka kwa mambo ambayo sera ya riba haiyafikii. Mfumuko wa msingi huviacha nje. Hauviachi nje kwa sababu si muhimu. Kwa kaya nyingi hivyo ndivyo muhimu kuliko vyote. Unaviacha kwa sababu lengo ni kubashiri mfumuko unakoelekea.

Kuna njia nzuri zaidi kama unaweza kuzipata. Moja ni kupanga vitu vyote vya kapu kuanzia kilichoshuka sana hadi kilichopanda sana, kisha kuchukua cha katikati kwa uzito. Tawi la Benki Kuu ya Marekani la Cleveland huchapisha kipimo hicho kila mwezi. Nyingine ni kukata ncha zote mbili na kuchukua wastani wa kilichobaki; tawi la Dallas hufanya hivyo.

Huna vipimo hivyo? Fanya kipimo cha mkono. Orodhesha makundi yote, weka alama kwa kila kundi ambalo kasi yake ya miezi sita imeshuka, kisha ujumlishe mizania ya yenye alama. Ikizidi 50, kushuka kumeenea. Ikiwa 20, umeona kundi moja au mawili tu yakianguka.

Hatua ya 8: Pima ucheleweshaji wa makazi

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke kama nchi yako ina mizania kubwa ya makazi. Marekani ni karibu theluthi ya kapu. Kodi za nyumba zilizo kwenye sampuli huulizwa kila baada ya miezi sita, na wapangaji wengi wako kwenye mikataba ya zamani. Kodi za mikataba mipya zikipoa leo, fahirisi huonyesha polepole, pengine baada ya mwaka. Makazi yalifika kilele cha asilimia 8.2 kwa mwaka Machi 2023, miezi tisa baada ya kilele cha mfumuko wote. Julai 2023 yalichangia zaidi ya asilimia 90 ya ongezeko la mwezi.

Kokotoa mfumuko bila makazi, uweke kando ya ule wenye makazi. Ukikuta tofauti kubwa, andika zote mbili. Usichague ile inayokupendeza.

Hatua ya 9: Toa hukumu

Mimi hukubali kwamba mfumuko unapungua kweli pale mambo haya yanapokuwepo kwa pamoja, kwa taarifa tatu mfululizo:

a) Kasi ya miezi sita iko chini ya namba ya mwaka.
b) Mfumuko wa msingi nao unashuka, hata kama ni taratibu.
c) Zaidi ya nusu ya kapu, kwa mizania, imepunguza kasi.
d) Kushuka hakuelezeki kwa mwezi uliotoka peke yake.

Likikosekana moja, sema "kuna dalili". Yakikosekana mawili, subiri. Ni kipimo changu, unaweza kukikaza au kukilegeza, lakini kiandike kabla ya taarifa kutoka ili usije ukakipindisha baada ya kuona namba.

Taarifa tatu zinaweza kuonekana nyingi. Marekani mfumuko ulishuka kutoka asilimia 12.3 Desemba 1974 hadi 4.9 Desemba 1976, miaka miwili ya kushuka, na watu wakapumua. Machi 1980 ulikuwa 14.8. Kwa hiyo hata hukumu nzuri inahusu hali ya sasa, na lazima uifanye upya kila mwezi. Ukiambiwa vita imekwisha kwa sababu ya namba ya mwezi mmoja, omba kuona safu nzima.

Ukikwama

*Jibu langu linapishana na la serikali kwa 0.1.* Mara nyingi ni ukadiriaji wa desimali. Tumia fahirisi yenye tarakimu zote, kadiria mwishoni tu. Ikipishana zaidi ya hapo, hakikisha hukuchukua safu iliyorekebishwa kwa msimu.

*Fahirisi imeshuka ghafla kutoka 180 hadi 100.* Bei hazijaporomoka. Ofisi imebadilisha kizio, na pengine kapu pia. Tafuta mwezi wenye namba zote mbili, ya zamani na mpya, ugawe ya zamani kwa mpya, kisha uzidishe safu mpya yote kwa jibu hilo. Hapa ni 1.8. Makundi yakiwa yamepangwa upya, unganisha jumla tu na uache makundi.

*Mwezi mmoja haupo.* Hutokea. Oktoba 2025 Marekani haikukusanya bei kwa sababu ya shughuli za serikali kufungwa. Usibuni namba ya kujaza pengo. Linganisha miezi iliyo kando ya pengo na useme wazi umefanya hivyo.

*Vipimo viwili rasmi havikubaliani.* Marekani ina fahirisi ya bei za mlaji ya BLS na fahirisi ya bei za matumizi binafsi inayotolewa na BEA, ofisi ya serikali ya uchambuzi wa uchumi. Ya pili ina mizania ndogo ya makazi na hubadilisha mizania haraka watu wanapohamia bidhaa nyingine, na ndiyo ambayo Benki Kuu iliitangazia lengo la asilimia 2 Januari 2012. Ukitaka kujua lengo limefikiwa au la, tumia kipimo ambacho benki kuu husika imekitaja, si kilicho jirani.

*Matumizi yangu yamepanda kuliko namba rasmi.* Inawezekana kabisa, na hakuna anayepaswa kukuambia unajidanganya. Kapu rasmi ni la wastani wa kaya zote. Kaya inayotumia sehemu kubwa ya kipato kwa vitu viwili au vitatu vilivyopanda sana itaumia zaidi ya wastani, na mara nyingi hiyo ni kaya yenye kipato kidogo. Andika matumizi yako ya miezi mitatu kwa makundi yale yale ya taarifa, pata asilimia ya kila kundi, kisha tumia asilimia hizo kama mizania yako kwenye hesabu ya hatua ya 6. Jibu ndilo mfumuko wako. Ukienda kuzungumzia mshahara, nenda na namba hiyo pamoja na ile rasmi, na ukumbuke kudai pengo la miaka yote tangu ongezeko la mwisho, kwa kugawa fahirisi ya leo kwa ya mwezi ule. Namba ya mwaka huu peke yake inakupunja kama hujaongezewa kwa miaka miwili.

*Nitajuaje serikali haijapika namba?* Imewahi kutokea. Argentina iliingilia taasisi yake ya takwimu, INDEC, mwaka 2007, na Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likatoa tamko rasmi la kuilaumu kwa takwimu zake. Kilichowashtua wachambuzi ni kwamba fahirisi za baadhi ya mikoa, zilizokusanywa kivyake, zilipanda haraka kuliko ya taifa. Fanya vivyo hivyo: tafuta fahirisi za mikoa, mishahara na kipunguzi cha pato la taifa (kipimo cha bei za vyote vinavyozalishwa nchini). Zikitembea pamoja na fahirisi kwa miaka, una sababu ya kuiamini. Zikiachana nayo mwezi ule ule viongozi wa ofisi ya takwimu walipobadilishwa, una sababu ya kuuliza kwa sauti.